Profesa Wilfred Whiteley: Raha ya Maneno ya Kila Siku, kutoka Pemba hadi Gusii

Jina la Profesa Wilfred Howell Whiteley si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kusoma historia ya lugha hii. Kitabu chake cha mwaka wa 1969, kinachoeleza jinsi Kiswahili kilivyoinuka hadi kuwa lugha ya taifa, kimetajwa katika tasnifu nyingi mno za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Aghalabu hutajwa kwa mstari mmoja katika sura ya pili, kisha mwandishi huendelea na safari yake. Wachache zaidi wanakumbuka kwamba profesa huyohuyo aliandika kitabu kizima juu ya njeo za Ekegusii, lugha ya watu wa Kisii na Nyamira, na kwamba kitabu hicho kilitangulia kile cha Kiswahili kwa miaka tisa. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa Keroka au Ogembo, ambaye shuleni alizoezwa kuona lugha ya nyumbani kwao kuwa kikwazo cha Kiswahili fasaha, jambo hili si dogo.

Whiteley alizaliwa mwaka wa 1924 akafariki mwaka wa 1972, kabla ya kutimiza miaka 50. Hakuanza kama mwanaisimu. Taaluma yake ya awali ilikuwa anthropolojia, na miongoni mwa maandishi yake ya mwanzo ni kitabu juu ya Wabemba na jirani zao wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, pamoja na makala ya 1954 juu ya serikali za mitaa miongoni mwa Wamakua wa kusini mwa Tanganyika. Ni mwelekeo wa kawaida wa mtaalamu wa zama za ukoloni: kuchunguza nani anamtawala nani, na kwa desturi ipi. Lakini kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga, maswali yake yalibadilika. Aliacha kuuliza watu wanatawaliwaje, akawa anauliza wanasemaje. Badiliko hilo ndilo linalotupa Whiteley tunayemjua.

Mwaka wa 1952 ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha Kiswahili ilihamia Chuo cha Makerere, Kampala, ikaanza kuitwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Whiteley aliihudumia Kamati hiyo na kulihariri jarida lake, ambalo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ndilo jarida la Kiswahili tulijualo hadi leo. Hapa pana jambo la kutafakari. Kamati ilikuwa mlinzi wa Kiswahili sanifu. Kazi yake ilikuwa kuamua tahajia, kupitisha vitabu vya shule na kutoa ithibati. Mtu aliyeketi katikati ya ofisi hiyo angetarajiwa kuzipuuza lahaja, au angalau kuziona kama makosa yanayosubiri kusahihishwa. Whiteley alifanya kinyume. Mwaka wa 1955 aliandika juu ya Kimvita. Mwaka uliofuata alichapisha uchunguzi wa Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Mrima. Mwaka wa 1958 ukatoka utafiti wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Katika miaka hiyohiyo H. E. Lambert alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo juu ya Kivumba, Kichifundi, Kijomvu na Kingare. Usanifishaji ulikuwa umekwisha kuzisukuma lahaja hizi pembeni, na watu wa Mombasa hawakuacha kunung'unika kwamba Kiunguja kilipendelewa. Jarida la Kamati ileile likawa ndilo linaloziandika.

Mashairi ya Pemba yanaonyesha vizuri tabia ya msomi huyu. Wapo wanaisimu ambao wakishapata orodha ya maneno na vipande vya sentensi hufunga daftari. Whiteley aliziweka lahaja na tungo katika kitabu kimoja, kana kwamba sarufi ya mahali haielezeki mpaka imesikika ikifanya kazi yake tamu kuliko zote. Tabia hiyo ilijitokeza tena aliposhughulikia maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mfanyabiashara huyo wa Zanzibar, aliyefariki mwaka wa 1905, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza na kuyatoa kama nyongeza ya jarida la Kamati mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka wa 1966 yakatoka kama kitabu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Tippu Tip hakuwa mtu wa kusifiwa; pembe na watumwa ndivyo vilivyomtajirisha. Lakini masimulizi yake ni miongoni mwa nathari ndefu za mwanzo za Kiswahili zilizotoka kinywani mwa msemaji mwenyewe, yenye safari, madeni, ugomvi na bei za bidhaa. Msomaji wa lugha huvutwa na hayo: jinsi mtu anavyosema alipoamka, alipokwenda, alichokuta.

Kwa njia hiyo tunafika Gusii.

Nyanda za juu za Gusii, ambazo tangu mwaka wa 2013 ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, katika miaka ya 1950 zilikuwa sehemu moja ya kiutawala ndani ya mkoa wa Nyanza. Ni nchi ya vilima vinavyofuatana bila kupumzika, migomba iliyozunguka nyumba, kahawa na majani ya chai, na mvua ambayo alasiri nyingi haihitaji mwaliko. Abagusii ni Wabantu waliozungukwa na wasiokuwa Wabantu: Wajaluo upande wa magharibi na kaskazini, Wakipsigisi upande wa mashariki, Wamaasai upande wa kusini mashariki. Wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kuwazuru. Philip Mayer alichunguza koo na mahari baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kitabu chake juu ya sheria na desturi za mahari kilitoka mwaka wa 1950. Robert na Barbara LeVine walikuwa huko kati ya mwaka wa 1955 na 1957 wakichunguza malezi ya watoto, utafiti uliozaa kitabu cha mwaka wa 1966. Kwa hiyo Abagusii walikuwa wameulizwa juu ya ng'ombe wa mahari, ukoo, wivu wa wake wenza na namna ya kumnyamazisha mtoto. Whiteley alikuja na swali ambalo huenda lilionekana la kitoto: vitenzi vyao hubadilikaje?

Swali la njeo haliwezi kuulizwa kwa mambo makubwa. Hakuna anayeeleza njeo za lugha kwa hotuba za baraza. Mtafiti hana budi kuanza na asubuhi, na mtu aliyepika uji, aliyekama ng'ombe, aliyekwenda mtoni, atakayekwenda sokoni kesho. Ekegusii hakitosheki na kusema kwamba jambo lilipita. Kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu za eneo la Ziwa, hutaka kujua lilipita lini: muda si mrefu, siku zilizopita, au zamani. Viambishi vya mwisho vya kitenzi hubadilika, na toni nayo hushiriki katika kutofautisha. Mswahili ana -li- na -me-, na muktadha humsaidia kwa yaliyosalia. Mwanamke wa Gusii anayeeleza jinsi alivyopika chinsaga, mboga ambayo Waswahili huiita mgagani, analazimishwa na sarufi yake kusema kama mboga hiyo bado ina moto au imekuwa ni kumbukumbu tu.

Katika vilima ambako ardhi ni haba na kesi za mipaka hazikauki, tofauti hiyo si pambo la wanaisimu. Mzee anayesema mbele ya wazee wenzake kwamba alilima kipande fulani huwa amekwisha kutamka, ndani ya kitenzi chenyewe, kama alilima msimu huu au enzi za baba yake. Mayer alizitafuta haki za ukoo katika hukumu na desturi. Kitabu cha Whiteley cha mwaka wa 1960, kilichotolewa Kampala na taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, kinamwezesha msomaji kuona kwamba sehemu ya ushahidi hukaa katika silabi. Aliandika pia kitabu cha utangulizi wa vitendo wa lugha hiyo, kwa ajili ya mtu anayetaka kujifunza kuisema na si kuichambua tu.

Yafaa kukumbuka jinsi Ekegusii kinavyoweza kumfurahisha mtu aliyetoka kwenye Kiswahili, kwani kila hatua humkutanisha na ndugu aliyevaa nguo tofauti. Mvua ni embura, nyumba ni enyomba, mtu ni omonto na watu ni abanto. Irabu ni saba badala ya tano. Kiambishi cha ngeli kinacholingana na ki- cha Kiswahili husikika kama eke- katika jina la lugha yenyewe, lakini katika egesaku, yaani ukoo au kabila, huwa ege-, kwa sababu konsonanti isiyo na ghuna inayofuata huigeuza k kuwa g. Wanafunzi hufundishwa kanuni hii darasani kwa jina la Dahl na huihesabu kuwa ngumu. Bibi wa Nyamira huitekeleza mara mia kabla ya kifungua kinywa bila kukosea hata mara moja. Kisha kuna neno linalomshangaza kila mgeni. Mtoto wa Gusii akiita baba, anayeitika ni mama yake. Baba mzazi ni tata. Mswahili aliyefika jana anaweza kudhani amesikia vibaya, akauliza tena, akacheka.

Salamu nazo zina utamu wake. Asubuhi Abagusii huamkiana kwa bwakire, na jioni kwa bwairire. La kwanza ni kitenzi kinachotaarifu kwamba kumekucha, la pili kwamba kumekuchwa. Hakuna swali la habari gani wala shikamoo. Kuna taarifa tu kwamba wote wawili wameiona siku. Kwa mchunguzi wa njeo, hakuna mlango mzuri kuliko huo. Kila anayekutana naye njiani humpa mfano mwingine wa tendo lililotimia, bila malipo, tena kwa tabasamu. Raha za kazi ya namna hii ni ndogo ndogo na hazina gharama: kibao cha kukalia, mwenyeji asiyechoka kurudia neno, obokima cha wimbi mchana, na ghafla tofauti ya toni ambayo jana haikusikika. Mtu asiyezipenda raha hizo hawezi kuandika kitabu kizima juu ya viambishi vya wakati. Angechoka katika ukurasa wa kumi.

Orodha ya lugha alizozishughulikia inathibitisha kwamba hakuwa mtu wa kuchoka. Mwaka wa 1958 aliandika juu ya Kiiraqw cha Mbulu, ambacho si cha Kibantu bali cha Kikushi. Mwaka wa 1962 alitoa utangulizi wa Kikamba akishirikiana na M. G. Muli, na majina ya wote wawili yakawekwa kwenye jalada, jambo ambalo wasomi wengi wa kigeni wa wakati huo hawakulizoea. Mwaka wa 1966 kikafuata kitabu juu ya sentensi za Kiyao. Katikati ya hayo, mwaka wa 1964, alikusanya nathari ya Kiafrika katika majuzuu mawili, ya kwanza ya masimulizi ya mdomo na ya pili ya maandishi. Dibaji iliandikwa na Chinua Achebe, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 33 tu. Mkusanyaji wa viambishi alikuwa pia mpenzi wa hadithi.

Uprofesa ulimjia akiwa na umri wa makamo. Baada ya uhuru wa Tanganyika alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kichanga, na mwaka wa 1964, kazi za Kamati zilipohamishiwa chuoni hapo na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, aliiongoza katika siku zake za mwanzo. Kisha akarudi London kuwa profesa wa lugha za Kibantu katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Humo ndimo alimoandikia uchunguzi wake wa 1968 juu ya uelekezi wa vitenzi vya Kiswahili. Kitabu hicho hakina wasomaji wengi, na waliokisoma hukumbuka kwanza ugumu wake, lakini ndani yake msomaji hukutana na mtindo uleule wa Gusii: sentensi za nyumbani, za watu wanaopika, wanaobeba, wanaopeana vitu, zikigeuzwa na kugeuzwa tena mpaka zitoe siri yake.

Mwisho wa muongo huo ulimrudisha Kenya kwa kazi kubwa zaidi. Shirika la Ford lilikuwa limefadhili uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano: Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia. Whiteley ndiye aliyeisimamia sehemu ya Kenya. Wenzake walichunguza mitaa ya Nairobi: David Parkin aliandika juu ya jinsi watu wanavyobadilisha lugha, Janet Bujra juu ya Pumwani. Yeye alijichukulia mashamba. Alitaka kujua watu wa vijijini hutumia lugha gani nyumbani, gani sokoni, gani wakizungumza na mgeni, na gani wakiwa na mtoto aliyerudi kutoka shule. Yalikuwa maswali ya kila siku kwa watu wa kila siku, na ni vigumu kutoona kwamba ni maswali ya mtu aliyewahi kusikiliza salamu za asubuhi kwa makini.

Chukua mfano wa soko la Keroka, lililokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, kwenye barabara inayokwenda Sotik. Mama anayeuza ndizi humwita mwanawe kwa Ekegusii, humjibu mnunuzi Mkipsigisi kwa Kiswahili, husikia Kijaluo kutoka kwa muuza samaki aliye jirani, na karatasi ya kodi aliyopewa imeandikwa kwa Kiingereza. Hababaiki. Kila lugha ina kiti chake, na haoni kwamba kuketi kwa moja ni kufukuzwa kwa nyingine. Sera za lugha nchini Kenya, kabla na baada ya uhuru, mara nyingi ziliandikwa kana kwamba mama huyu ana mdomo wa lugha moja na lazima lugha nyingine zipokezane zamu. Waliosoma enzi za kibao cha kuvalishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama wanajua gharama ya mawazo hayo. Uchunguzi wa Whiteley ulianzia upande wa pili, kwa yale ambayo watu walikuwa tayari wanayafanya.

Haifai kumfanya malaika. Kazi zake karibu zote aliziandika kwa Kiingereza, na kitabu cha njeo za Ekegusii kwa miaka mingi kimekuwa rahisi kupatikana katika maktaba za ng'ambo kuliko mjini Kisii. Utangulizi wa vitendo ulimfaa zaidi mgeni anayeingia Gusii kuliko Mgusii mwenyewe. Hata historia yake ya Kiswahili inaitazama lugha kwa dirisha la utawala na sera zaidi ya dirisha la washairi, upungufu ambao Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala waliuziba kwa namna yao katika kitabu chao cha 1977, tena kwa Kiswahili. Lawama hizi ni za haki. Hata hivyo, mtafiti yeyote wa Ekegusii aliyemfuata, awe wa toni, wa mofolojia au wa tafsiri, amelazimika kuanza kwenye mlango alioufungua yeye, hata kama nia yake ilikuwa kumpinga.

Alifariki mwaka wa 1972 kabla kitabu cha Kenya hakijatoka. Kilichapishwa Nairobi mwaka wa 1974, jina lake likiwa kwenye jalada kama mhariri. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Rais Jomo Kenyatta aliagiza Bunge la Kenya lianze kutumia Kiswahili, na wabunge waliozoea kujificha nyuma ya Kiingereza wakajikuta wakitafuta maneno mbele ya wapigakura wao. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima la kutahiniwa mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Katiba ya mwaka wa 2010 ikakiita lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu hichohicho cha 7 ikaitwika serikali jukumu la kukuza lugha za asili za watu wa Kenya. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.5. Wana redio inayotangaza kwa lugha yao na chuo kikuu mjini Kisii. Na asubuhi, kwenye njia nyekundu zinazoteremka kutoka Manga, watu bado hupeana taarifa kwamba kumekucha, kwa kitenzi kilekile na kiambishi kilekile cha tendo lililotimia.